Kunakili chipu za mashine za ngoma za zamani: ndani yake hamna sauti

Chipu ya kumbukumbu iitwayo 2732 inabeba baiti 4,096, basi. Picha moja ya kawaida ya WhatsApp inazidi hapo mara nyingi. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ndani ya chipu kama hiyo mlikaa pigo zima la ngoma, na pigo hilo likasikika redioni pembe zote za dunia. Oberheim DMX, mashine ya Kimarekani ambayo kundi la New Order la Uingereza liliitumia kwenye wimbo wao uliovuma sana mwaka 1983, ilibeba chipu za ukubwa huo.

Leo mashine hizo zina miaka arobaini na ushee. Wenye nazo wanataka mambo mawili: kuokoa kilichomo kabla hakijafutika, na pengine kuipa mashine sauti nyingine. Yote mawili yanaanza kwa kunakili chipu, na kunakili kwenyewe ni kazi ya dakika mbili. Kinachowapiga watu chenga ni kinachofuata. Faili limepatikana, linafunguliwa kwenye kompyuta, na linatoa mchakarisho kama redio iliyopoteza stesheni. Au linatoa kitu kinachofanana na ngoma, lakini si ile. Mtu anadhani amesoma chipu vibaya, anarudia, anapata kilekile. Mara nyingi alisoma vizuri tangu mwanzo. Alichokosea ni kudhani kwamba ndani ya chipu kuna sauti. Kuna namba tu. Sauti ni kazi ya mashine nzima.

Namba zilivyoingia kwenye ngoma

Kabla ya mwaka 1980, mashine ya ngoma ilikuwa saketi inayoigiza. Umeme ulitikiswa kidogo ukalia "du", kelele ikachujwa ikalia "tsi". Roland TR-808 ya Japani, iliyotoka mwaka huohuo wa 1980, bado ni ya ukoo huo. Haina chipu ya sauti hata moja, kwa hiyo anayetafuta chipu ya kunakili mle atatafuta sana.

Mwaka huohuo, kule California, Roger Linn alitoa LM-1. Badala ya kuigiza ngoma, alirekodi ngoma halisi, akaipima mara 28,000 kwa sekunde, na kila kipimo akakiandika kama namba ya biti 8, yaani tarakimu nane za 0 au 1. Mashine ikaitwa ghali na ilikuwa ghali kweli, karibu dola 5,000, na zilizotengenezwa ni mia tano hivi. Mwanamuziki Prince alikuwa mmoja wa walioipenda zaidi.

Ukitaka kuelewa kwa nini mashine hizi ziko vile zilivyo, fanya hesabu hii ndogo. Baiti 4,096 ukizisoma kwa kasi ya 28,000 kwa sekunde zinaisha ndani ya sekunde 0.15. Pigo la ngoma kavu linatosha humo, na hata likikatwa mkia nani atajua. Lakini toazi kubwa linalolia sekunde mbili linahitaji baiti 56,000, yaani chipu 14 za 2732 kwa sauti moja tu, enzi ambayo kumbukumbu ilikuwa bidhaa ya bei. Ndiyo maana LM-1 haikuwa na toazi kubwa hata moja. Matoazi hayo yalikuja na LinnDrum ya mwaka 1982. Si suala la ladha ya mtengenezaji, ni bei ya kumbukumbu dukani.

Roland walipita njia ya kati. TR-909 ya mwaka 1983 ina ngoma za saketi kama mtangulizi wake, ila hai-hati (jozi ya matoazi madogo yanayofumbatana) na matoazi yake ni rekodi za biti 6, yaani ngazi 64 tu za ukubwa wa sauti. TR-707 ya mwaka 1985 ni rekodi tupu. Ndugu yake TR-727 ina umbo lilelile, lakini chipu zake zina konga, bongo na vyombo vingine vya Amerika ya Kilatini. Ukiwa na nakala ya chipu za mmoja unaweza kumvisha mwenzake sauti zake, na wapo wengi waliofanya hivyo.

Chipu inayosahau na chipu isiyosahau

Chipu zenyewe ni za aina mbili, na kuzichanganya ndiko chanzo cha nusu ya maswali.

Ya kwanza ni epromu, uvumbuzi wa Dov Frohman wa Intel mwaka 1971. Utaitambua kwa kidirisha cha kioo cha kwatzi mgongoni, ambacho aghalabu kimefunikwa kwa stika. Ndani yake kila biti ni kizimba kidogo kilichozungushiwa kihami pande zote. Kuchoma chipu ni kusukumia elektroni ndani ya vizimba kwa volti kubwa kuliko kawaida. Zikishaingia hazina mlango wa kutokea. Kizimba chenye elektroni husomeka kama 0, kitupu husomeka kama 1. Ukitaka kufuta, unaimulika chipu kwa mwanga wa urujuanimno kupitia kile kidirisha kwa dakika kumi na tano hadi ishirini. Elektroni zinapata nguvu ya kuruka ukuta, vizimba vyote vinabaki vitupu, na chipu nzima inasomeka 1 mwanzo hadi mwisho.

Sasa ile stika. Si urembo. Maelezo ya kiwanda kuhusu chipu hizi yalionya kwamba jua la moja kwa moja linaweza kufuta chipu kwa takriban wiki moja, na taa za mirija za ofisini kwa takriban miaka mitatu. Mtu akinunua mashine kuukuu, akaifungua kuisafisha, akabandua stika zilizochakaa ili ipendeze, ameanza kuimaliza.

Hata gizani elektroni huvuja, taratibu mno. Jambo la kukumbuka ni mwelekeo wa uvujaji. Kizimba kilichojaa kinaweza kuvuja kikawa kitupu, lakini kitupu hakijijazi chenyewe. Yaani uzee hugeuza 0 kuwa 1, si kinyume chake. Ukipata nakala mbili za sauti moja kutoka mashine mbili tofauti, zikalingana kote isipokuwa biti tatu, wa kushukiwa kwanza ni yule mwenye 1. Maarifa haya madogo yamerudisha sauti nyingi zilizokuwa zimeanza kutoa vidonoo.

Aina ya pili ni romu ya kiwandani, ambayo namba zake zilichorwa kwenye silikoni siku chipu ilipotengenezwa. Roland walizitumia sana. Hii haisahau, haifutiki, haichomwi upya. Shida yake iko kwenye miguu. Mpangilio wa miguu ya romu ya kiwandani hauwi lazima sawa na wa epromu ya ukubwa uleule, na mguu unaoiamuru chipu "sema sasa" unaweza kungoja ishara iliyo kinyume. Ukiisoma kwa mpangilio wa epromu unaweza kupata faili lililojaa FF (namna ya kuandika baiti yenye biti zote 1), ukaamini chipu imekufa, kumbe hukuigongea mlango wake.

Kusoma

Kifaa kinachosoma na kuchoma chipu, programa kwa lugha ya mafundi, ni kilekile ambacho fundi wa televisheni wa Kariakoo au wa mtaa wa Luthuli, Nairobi, anakitumia kuflashi bodi iliyogoma kuwaka. Kama kuna fundi kama huyo jirani yako, nusu ya safari imekwisha. Ana kifaa, na muhimu zaidi, ana mkono uliozoea.

Kabla ya yote, piga picha ya bodi ikiwa na chipu zake zote mahali pake. Chipu ina pengo dogo upande mmoja wa kichwa, na ikirudishwa kinyumenyume kisha mashine ikawashwa, mara nyingi hakuna cha kuokoa tena. Chomoa kwa kuinua kila upande kidogo kidogo, maana miguu ya miaka arobaini huvunjika kama njiti. Chipu nyingi za enzi zile zilipakwa fedha miguuni, na fedha ikikaa inakuwa nyeusi. Tena ni vizuri kujua kwamba ngoma iliyonyamaza si lazima iwe imepoteza kumbukumbu. Mara kwa mara kosa ni weusi huo tu, au soketi iliyolegea, na kuisafisha kunairudisha sauti kabla hata hujawasha programa.

Kusoma kunahitaji volti 5 tu kwa chipu nyingi, kwa hiyo hata programa ya bei nafuu inaweza. Ya zamani zaidi kama 2708 ni mkorofi, inataka volti 5, 12, na 5 hasi kwa pamoja. Chagua jina sahihi la chipu kwenye programu, soma, hifadhi. Kisha soma tena. Na tena. Mafaili matatu yakiwa sawa baiti kwa baiti, vizuri. Yasipolingana, kuna biti zinazoyumba, na hapo mafundi wengine hushusha volti ya kusomea kidogo, kwa sababu kizimba kilichovuja nusu huonekana bado kimejaa volti ikiwa chini. Isome hivyo, linganisha, kisha achana na chipu hiyo. Usiirudishe kwenye mashine ukaitegemea.

Faili limepatikana, mbona ni kelele?

Hapa ndipo penye utamu. Faili la chipu halina kichwa wala maelezo. Halisemi ni sauti gani, ina kasi gani, wala namba zake zihesabiweje. Programu kama Audacity inaweza kulifungua kama data ghafi, lakini itakuuliza maswali, na majibu yake hayamo ndani ya faili. Yamo kwenye mashine.

Swali la kwanza: namba zimepangwaje? TR-707 inatumia mpangilio ulionyooka. Biti 8 ni ngazi 256 zilizo sawa, na kimya kiko katikati, kwenye 128. Hiyo ni rahisi. Lakini LinnDrum na DMX zilitumia mpangilio wa kubana, na huu ndio unaowachanganya watu.

Fikiria sonara na muuza mahindi. Mizani ya sonara inapima vipande vya gramu lakini haiwezi kubeba gunia. Mizani ya gunia inabeba kilo mia, ila pete ukiiweka juu haitikisiki. Sikio letu linafanya kazi kwa mizani zote mbili: sauti ndogo tunazitofautisha kwa umakini, kubwa kwa makadirio. Mpangilio wa kubana unaiga hilo. Karibu na kimya ngazi zimesongamana, na kadiri sauti inavyokua ngazi zinaachana. Kwa biti 8 zilezile unapata upana wa sauti unaokaribia ule wa biti 12. Simu za mezani za Marekani zilikuwa zikitumia ujanja huo tayari, na chipu iliyotengenezwa kwa ajili ya ujanja huo, AM6070, ndiyo iliyowekwa kwenye LinnDrum kugeuza namba kuwa umeme.

Basi ukifungua faili la kubana kwa mizani iliyonyooka, mkia wa ngoma unaotakiwa kufifia unapanda juu na kuchakarisha, kana kwamba pete zimepimwa kwa mawe ya magunia. Badili mpangilio na uchague ule wa kubana wa simu, ambao kwenye programu nyingi umeandikwa U-Law. Ikiwa bado ni kelele, tatizo huenda ni kwamba mpangilio wa simu hugeuza biti kichwa chini kabla ya kuzituma, ila mashine ya ngoma haikuwa na sababu ya kufanya hivyo. Geuza kila 0 iwe 1 na kila 1 iwe 0, sikiliza tena. Mara ngoma inatokea kwenye ukungu. Ni furaha ya ajabu, na sioni haya kuisema.

Swali la pili ni kasi, na hili halina jibu moja. Kwenye LM-1 kila ngoma ilikuwa na kitufe chake cha kuufanya mlio uwe mwembamba au mzito, na kitufe hicho hakikufanya lolote ila kuharakisha au kuchelewesha usomaji wa chipu. Kwa hiyo "kasi sahihi" ya faili ni pale mpigaji alipokiacha kitufe. TR-707 ni afadhali, ina kasi moja, takriban namba 25,000 kwa sekunde.

Swali la tatu, na la mwisho kwa leo: sauti inaanzia na kuishia wapi? Chipu kubwa inaweza kubeba sauti kadhaa zimefuatana, na sauti ndefu inaweza kutapakaa chipu kadhaa. Ni mchoro wa saketi utakaokuambia, maana waya za anwani, zile zinazochagua baiti ipi isomwe, ndizo zinazoamua nani anafuata nani.

Kilichobaki kwenye bodi

Umejibu yote, faili linalia vizuri, na bado rafiki yako mwenye mashine halisi anatikisa kichwa. Ana haki. Hai-hati ya TR-909 ukiisikiliza kutoka kwenye faili haifi kama inavyokufa kwenye mashine, kwa sababu kufifia kwake kunafanywa na saketi iliyoko baada ya chipu, ile inayotawaliwa na kitufe cha urefu. Ngazi 64 za biti 6 ni chache mno, na saketi hiyo inapoifunga sauti inafunga na ukwaruzo wake pamoja. Filta nazo ziko nje ya chipu. Kwa hiyo nakala ya chipu inaiokoa mashine vizuri kabisa, kwani ukiirudisha mahali pake hakuna atakayejua tofauti. Lakini nakala hiyohiyo kwenye kompyuta ni unga bila maji wala moto. Wanaouza "sauti halisi za chipu" mtandaoni kama kitu bora kuliko rekodi ya mashine yenyewe wanauza unga wakisema ni ugali.

Kuchoma

Kuchoma kunadai volti kubwa: 2732 za mwanzo zilitaka 25, 2764 nyingi za zamani 21, za kizazi cha baadaye zenye herufi C hutosheka na 12 na kitu. Programa nyingi za bei nafuu hazifiki 21. Njia ya wengi ni kuacha chipu za zamani na kutumia mpya zaidi, kubwa zaidi, ambazo zinakaa kwenye soketi ileile ya miguu 28 ya 2764.

Mtego uko kwenye ukubwa huo. Ukichukua 27C256 ya baiti 32,768 ukaiweka mahali pa 2764 ya baiti 8,192, mguu wa 27, ambao zamani ulikuwa wa kuchomea na umefungwa kwenye volti 5, sasa ni waya wa anwani. Mashine bila kujua inasoma nusu ya juu ya chipu, wewe uliandika mwanzo wa chini, na unapata kimya au mlipuko. Dawa ni rahisi kiasi cha kuchekesha: rudia data yako mara nne hadi chipu ijae. Popote mashine itakapochungulia, itakuta kilekile. Na akili hiyohiyo ukiigeuza, unaweka sauti nne tofauti badala ya moja iliyorudiwa, unaunganisha swichi mbili kwenye waya hizo za ziada, na ngoma moja inakuwa na sura nne.

Sauti mpya ikiwa fupi kuliko chipu, usiache mkia mtupu. Nafasi isiyochomwa inasomeka FF, na kwa mpangilio ulionyooka FF si kimya, ni kilele cha juu kabisa. Spika itapiga "tuf" kila mwisho wa pigo. Jaza 80, ambayo kwa uandishi uleule wa FF (heksa) ndiyo 128, ndiyo kimya.

Biashara ya sauti mbadala si jambo la leo. Simmons wa Uingereza waliuza kifaa chao cha kurekodi na kuchoma chipu, Oberheim nao wakawa na chao, jina lake Prommer. Na E-mu walipotoa Drumulator mwaka 1983 kwa bei chini kidogo ya dola 1,000, vijana wawili wa California, Peter Gotcher na Evan Brooks, walianza kuichomea chipu zenye ngoma nyingine na kuziuza kwa jina la Digidrums. Kuhariri mawimbi ya ngoma kwenye kompyuta ili yaenee kwenye chipu kuliwazoesha kuhariri sauti kwenye kompyuta. Kampuni ikawa Digidesign, na mwaka 1991 ikatoa Pro Tools.

Kuhusu haki, kwa kifupi, maana watu huuliza. Sheria ya Marekani ya mwaka 1984 ya kulinda chipu inalinda mchoro wa silikoni, kwa miaka kumi, na miaka hiyo ilishapita zamani kwa mashine hizi. Rekodi iliyomo ni suala jingine. Haki za rekodi huishi muda mrefu zaidi na hazifi kwa sababu tu kampuni imefungwa, kama Linn ilivyofungwa mwaka 1986, na Roland bado ipo. Kunakili chipu yako ili mashine yako isife na kufungua duka la nakala ni mambo mawili tofauti.

Ukimaliza, chipu mpya yenye kidirisha ifunike kwa stika isiyopitisha mwanga. Andika juu yake jina la mashine, namba ya soketi, sauti na tarehe. Kando ya faili kwenye kompyuta andika mengine: mpangilio ni ulionyooka au wa kubana, biti zimegeuzwa au la, na kitufe cha kasi kilikuwa wapi.